Maji ya Kisima na Gari la Nyumbani



Safu hii imezoea kukaa jikoni na katika chumba cha watoto. Wiki hii tunaitoa uani, pale gari linapolala, kwa sababu kuna jambo lililotupata sisi wenyewe na ambalo tumelinyamazia kwa haya. Sasa tunaona kulinyamazia si insafu, maana tunawaona majirani zetu wakifanya yale yale tuliyoyafanya.

Asubuhi moja tulipigiwa simu kutoka Malindi kwamba mama yetu mkubwa amefariki dunia. Mazishi yangekuwa siku hiyo hiyo, baada ya adhuhuri. Mama yetu mzazi alikuwa nasi hapa Mombasa. Marehemu alikuwa dada yake wa tumbo moja, na katika ndugu hao walikuwa wamebaki wao wawili tu. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120, safari ya saa mbili na nusu hivi njia ikiwa haina msongamano. Tuliondoka saa tatu kasorobo asubuhi, mama akiwa kiti cha nyuma na tasbihi yake mkononi, tukiamini kuwa tutafika na wakati wa kutosha.

Tulipovuka daraja la Kilifi, mshale wa joto kwenye dashibodi ulikuwa umekwisha panda hadi kwenye alama nyekundu. Ulianza kupanda wapi, hatuwezi kusema, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyekuwa akiutazama. Mvuke ulipoanza kutoka chini ya boneti ndipo tulipoegesha kando. Fundi alipatikana, mzee mmoja mpole, naye alikataa katakata kugusa kifuniko cha rejeta mpaka injini ipoe. Tulimhimiza, tukamweleza msiba ulio mbele yetu, akatupa pole na bado akangoja. Alipokifungua mwishowe, ndani hapakuwa na maji bali tope la rangi ya kutu, na kwenye shingo ya rejeta palikuwa na ukoko mweupe mfano wa ule unaoganda ndani ya birika la zamani.

"Wanangu, humu mwatia maji gani?" akauliza.

Tukamwambia ni ya kisima, ya pale pale nyumbani. Akatikisa kichwa, asiseme zaidi.

Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeungua. Gari likabaki Kilifi, sisi tukapanda matatu. Tulipofika Malindi jeneza lilikuwa limekwisha toka nyumbani, na mama hakuwahi kumwona dada yake kwa mara ya mwisho. Hakutulaumu hata kidogo. Siku kadhaa baadaye, tulipokuwa tukizungumzia gharama ya gasketi na rejeta mpya, ambayo ilimeza karo ya mtoto ya muhula mzima, ndipo aliposema: "Maji yale hata chai hayapikiki. Nyinyi mliyatia garini kwa nini?"

Hatukuwa na jibu, na kwa kweli hakuna jibu. Tuliyatia kwa sababu yalikuwa karibu. Wenzetu wengi hufanya hivyo hivyo, tena kwa moyo mkunjufu, wakidhani maji ni maji. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye vitundu vingi, na maji ya bahari hupenya kwa chini hadi kwenye visima. Kadiri kisima kinavyotekwa kwa wingi, ndivyo maji yake yanavyozidi kukolea chumvi. Maji matamu ya mfereji hutoka mbali: Mzima kule Tsavo, Marere na Tiwi upande wa Kwale, na Baricho kando ya mto Sabaki. Huja kwa zamu, na mtu aliyeyangoja siku tatu hana moyo wa kuyapeleka kwenye gari. Basi gari hupewa ya kisima, ndani na nje. Nje litaota kutu polepole, na kutu hiyo huonekana. Ndani ya rejeta hakuna anayeona kitu. Chumvi inakula chuma, chokaa inaganda kwenye vijia vyembamba ambamo maji hupita ili yapoe, na siku moja ya safari ndefu vijia hivyo vimeziba.

Kinachotakiwa kutiwa humo ni kulanti, yale maji yenye rangi ya kijani, nyekundu au samawati yanayouzwa katika vituo vya petroli na maduka ya vipuri. Tumewasikia watu wazima wakisema kwamba kulanti ni ya nchi za baridi, huku kwetu haina kazi. Ni kweli kwamba kule Ulaya na Japani huyazuia maji yasigande wakati wa barafu, nasi hatuna barafu. Lakini dawa hiyo ina kazi nyingine mbili ambazo Pwani inazihitaji kuliko hao wenye barafu. Huyafanya maji yachelewe kuchemka, na huzikinga sehemu za chuma na alumini zisiliwe na kutu. Ikiwa umenunua ile nzito isiyochanganywa, aghalabu huchanganywa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na madini, kama yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Hakikisha tu kwamba ni maji na si tindikali. Ile iliyokwisha changanywa dukani hutiwa kama ilivyo. Usichanganye rangi mbili bila kumuuliza ajuaye, maana aina nyingine hazipatani na huganda kama uji. Ukikwama njiani na huna kulanti, chupa ya maji ya kunywa ni bora mara nyingi kuliko ndoo ya kisima, ila ukirejea mjini rejeta isafishwe na kutiwa upya. Na galoni ya kulanti ikae mbali na watoto na paka, kwa kuwa aina nyingi zina ladha tamu na ni sumu.

Kuitazama hakuchukui hata dakika mbili. Asubuhi, kabla gari halijawashwa, fungua boneti. Utaona chombo cha plastiki kilichounganishwa na rejeta kwa mpira mwembamba, kina alama mbili, ya juu na ya chini. Maji yawe kati ya hizo mbili. Yakipungua kila wiki, kuna mahali yanavuja, na kazi yako si kuendelea kujaza bali ni kumwita fundi. Yule mzee wa Kilifi tulimwona mkaidi siku ile. Leo twamwombea dua. Ndani ya rejeta iliyo moto maji huwa yamebanwa kwa nguvu, yamepita joto la 100 na bado hayajachemka kwa sababu ya ule mbano wenyewe. Kifuniko kikifunguliwa ghafla, yote hulipuka usoni mwa aliyekifungua. Hata uwe na haraka ya namna gani, hata iwe haraka ya msiba kama yetu, ngoja mpaka uweze kuugusa mpira wa juu wa rejeta bila kuungua.

Tangu hapo tumejiwekea nusu saa kila Jumamosi asubuhi. Tunaanza na maji hayo, kisha oili ya injini. Gari liwe mahali tambarare, injini iwe imezimwa muda wa kutosha oili ishuke. Ufito wa kupimia unachomolewa, unafutwa kwa kitambaa, unarudishwa mpaka mwisho, unachomolewa tena. Usomaji wa kwanza haufai, ni huo wa pili. Oili iwe kati ya alama mbili, wala isizidi ile ya juu, kwa kuwa oili nyingi mno nayo hudhuru. Weusi peke yake si ubaya, oili inayofanya kazi huwa nyeusi. Ukiiona imekuwa kama chai ya maziwa, hapo usiwashe gari tena: maji yameingia katika oili. Sisi tuliiona rangi hiyo Kilifi, na hatuhitaji kuiona tena. Kuibadilisha, wengi hapa hufanya kila kilomita 5,000, nasi tumeandika tarehe na kilomita katika daftari linalokaa garini, kwa sababu kumbukumbu zetu wenyewe zilikuwa zikitudanganya kwa miezi.

Mafuta ya breki yana jambo lake hapa Pwani. Yana tabia ya kunywa unyevu kutoka hewani, na hewa yetu imejaa unyevu mwaka mzima. Yakishanywa maji ya kutosha huchemka mapema, na breki hulegea pale pale unapozihitaji, kwa mfano kwenye mteremko mrefu gari likiwa limepakia. Kwa hiyo usifungue kifuniko chake kila mara kwa udadisi. Chombo chenyewe aghalabu huonyesha kiwango ukikitazama kwa nje. Muulize fundi wako yalibadilishwa lini. Magari mengi huhitaji mapya kila miaka miwili hivi, nasi tulipouliza tukaambiwa ya kwetu hayajapata kubadilishwa tangu gari lishuke melini. Kiwango kikishuka, ama pedi zimekwisha au kuna mahali panavuja. Katika hali zote mbili mtu asijidanganye kwa kuongeza tu na kuendelea na safari.

Matairi tumemwachia binti yetu wa miaka 12, naye ameishika kazi hiyo kwa wivu, hataki kuguswa kipimo chake cha upepo. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, ingawa kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza lililopita miaka 8, na karatasi iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva imeandikwa Kijapani. Watu wengi hawaitazami kwa sababu hiyo, wakategemea kijana wa kituo cha petroli akadirie kwa macho. Tarakimu zake zasomeka vizuri. Ukiona 220 ni psi 32, 230 ni 33, na 240 ni 35. Kipimo kichukuliwe asubuhi tairi likiwa baridi, kwa maana likishazunguka barabarani upepo wa ndani hupata moto na kipimo hupanda. Kisha kuna zile tarakimu 4 zilizopigwa muhuri ubavuni mwa tairi: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Hiyo ndiyo tarehe ya kuzaliwa kwake. Tairi la mtumba laweza kuwa na meno mazuri na bado likawa limezeeka, mpira wake umekauka kwa jua na kupasuka nyufa ndogo ndogo ubavuni, na watengenezaji wengi husema tairi lisipite miaka 10 hata likionekana zima. Msisahau la akiba. La kwetu lilikuwa halina upepo kabisa. Lingetufaa nini njiani, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.

Betri nayo huota unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vyake. Zima gari, vaa glavu, ondoa kwanza waya wa hasi, kisha wa chanya. Kijiko cha magadi yale ya kulainishia kunde, katika kikombe cha maji ya uvuguvugu, na mswaki wa zamani, vyatosha kuutoa unga huo. Angalia tu maji hayo yasiingie ndani ya betri kupitia vifuniko. Kausha, paka mafuta mazito ya kujipaka ili hewa ya chumvi isifike, rudisha chanya kwanza na hasi mwisho. Taa na waipa zitazameni kwa kuziwasha tu, hazina siri.

Sasa tuje kwenye kuosha, ambako twaamini watu wengi wa Pwani huliharibu gari wakidhani wanalitunza. Hatuna neno na vijana wanaoosha magari barabarani. Wanatafuta riziki ya halali, na siku ambazo hatuna nafasi huwapelekea la kwetu. Ila huwauliza maji yametoka wapi. Gari likioshwa kwa maji ya kisima na kuachwa likauke juani, kila tone huacha duara jeupe, na duara hilo ni chumvi na chokaa vilivyobaki juu ya rangi. Osheni kivulini, asubuhi au baada ya alasiri. Kwanza mwagieni maji kuondoa mchanga, kwa kuwa kitambaa kikipitishwa juu ya mchanga mkavu hukwaruza rangi kama msasa. Kisha ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, kutoka juu kushuka chini, magurudumu yawe ya mwisho na yawe na kitambaa chao. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali, huondoa nta inayolinda rangi, basi iacheni kwa nguo. Iko sabuni ya magari, na kichupa chake hukaa miezi. Kausheni kwa kitambaa laini papo hapo.

Kama maji matamu ni haba, na kwetu ni haba, ya kisima yatumike kuondoa vumbi la mwanzo, lakini ndoo ya mwisho ya kusuuza iwe ya mfereji au ya mvua. Tumepima wenyewe: ndoo tatu zatosha gari dogo. Mpira wa maji ulioachwa wazi huku mtu akizungumza na jirani humaliza maji ya nyumba nzima, nasi ni watu tuliokatazwa kufanya israfu ya maji hata katika kutawadha.

Mahali panaposahauliwa ni chini. Aliyekwenda kuegesha ufuoni, au aliyepita katika madimbwi ya barabara za karibu na bahari wakati wa masika, amebeba chumvi na mchanga ndani ya matao ya magurudumu na chini ya bodi. Pelekeni maji huko kwa nguvu. Tazameni pia ukingo wa chini wa kila mlango. Pana vitundu vidogo vya kutolea maji, na vikiziba kwa mchanga, mlango huoza kutoka ndani ilhali nje bado unang'aa. Mlango wetu mmoja ulitoboka hivyo. Kijiti cha kusafishia meno kilitosha kuuokoa, lau tungelijua.

Ndani ya gari hatutakaa sana. Mazulia yatolewe, yakung'utwe, yakaukie juani kabla ya kurudishwa, maana zulia lililofungiwa likiwa na unyevu huota kuvu katika joto letu. Na hapa tuna neno na kina mama wenzetu na kina dada. Gari likinuka, sisi hukimbilia udi. Udi ni mzuri, lakini harufu ya uvundo ina chanzo, aghalabu zulia lililolowa au bomba la kutolea maji ya kiyoyozi lililoziba, na kuifukizia ni kuvisha nguo ya sikukuu mwili usiooga. Tafuteni chanzo kwanza. Na chetezo chenye makaa kisiingizwe garini kamwe, karibu na viti vya sponji na tangi la petroli.

Yapo tusiyoyagusa na hatuwashauri mtu ayaguse. Kufungua breki si kazi ya mwanafunzi wa Jumamosi. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kuokota spana. Jeki huteleza, na jiwe la matumbawe lililowekwa chini ya gari hupasuka bila kutoa taarifa. Anayebadilisha oili nyumbani naye asiimwage kwenye mtaro wala mchangani. Tumekwisha sema visima vyetu viko juu ya mwamba wa namna gani. Kilichomwagwa uani kwako kitatekwa na jirani. Itieni katika galoni iliyofungwa na kuipeleka gereji wanakokusanya oili iliyotumika.

Gari lilipotoka Kilifi tulikwenda tena Malindi kuwaona watoto wa marehemu. Tulisimama kwa yule fundi, akafungua boneti, akatazama rangi ya maji, akaifunga bila kutaka malipo. Safari hii mama alikataa kiti cha nyuma. Alikaa mbele, na tangu Mtwapa hadi Malindi alikuwa akiutazama mshale wa joto, na kila baada ya kitambo akituuliza kama pale ulipo ndipo.

Wassalaam.